Ridhaa ya Mwenye Mlima

Nilipokuwa shule ya msingi Morogoro, ripita alikuwa mwanafunzi aliyerudia darasa la saba. Mkubwa kuliko sisi, mkimya, anakaa nyuma, anajua majibu kwa sababu aliyasikia mwaka jana. Kwa hiyo siku ya kwanza kumsikia mzee mmoja wa Kimarekani akilitaja neno hilo kwa mapenzi, "ripita yetu, ripita yetu," kama mtu anayemtaja ng'ombe wake wa maziwa, nilicheka peke yangu. Baadaye nikagundua kwamba tofauti si kubwa. Ripita ya kwao nayo ilikuwa imekaa nyuma kabisa, juu ya mlima, na kazi yake ilikuwa kurudia ilichosikia.

Hiyo ilikuwa California, katika mji mdogo chini ya milima ya Sierra Nevada. Nilikuwa jimboni humo kwa masomo ya miezi kumi, na aliyenipeleka kwenye mji ule ni dada mmoja Mkenya, muuguzi, niliyemfahamu kwenye sherehe ya Jamhuri Dei. Wenzake walikuwa wanazungumza siasa za Nairobi. Yeye alikuwa ameweka kiredio cha mkononi juu ya meza, pembeni ya sahani ya nyama choma, na kila baada ya muda kinatoa mlio mdogo kama wa ndege. Mwandishi wa habari ni mtu wa udaku. Nikauliza.

Kumbe ana leseni. Marekani kuna zaidi ya watu laki saba wenye leseni ya namna hiyo: wanazungumza kwa redio wao kwa wao, wanaunda antena, wanasaka sauti kutoka visiwa ambavyo hata ramani inavisahau. Mtihani wa kuingia ngazi ya kwanza una maswali 35, ukipata 26 umefaulu. Unapewa alama ya utambulisho ambayo mwanzo wake huonyesha nchi yako. Tanzania ni 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X. Na sisi tunalo jina la jambo hili: redio ya ridhaa, kama tunavyosema ndondi za ridhaa au mchezaji wa ridhaa. Yaani mtu anafanya kwa kupenda, halipwi.

Lakini ridhaa ni neno lenye vyumba viwili. Ni hiari ya anayefanya, na ni kibali cha mwenye mali. Ukikaa kwenye shamba la mtu kwa ridhaa yake, unakaa mpaka siku atakayoamka na moyo mwingine, au mpaka siku atakayoliuza kwa mtu ambaye hajawahi kunywa chai kwako. Watu wa ripita ile walikuwa wa ridhaa kwa maana zote mbili.

Nilimuuliza dada yule kwa nini muuguzi mwenye zamu za usiku na watoto wawili aingie kwenye mambo ya wazee wenye fulana za mifuko mingi. Akanijibu kwa ule utulivu wa watu wa hospitali.

"Kaka, umeme wa huku hukatwa makusudi upepo ukivuma, ndio nyaya zisiwashe msitu. Siku hiyo stima ikapotea, netiweki ikapotea. Watoto wako shule, mimi niko barabarani, nasikia harufu ya moshi. Simu ilikuwa jiwe. Nikasimama kando ya barabara na daktari mstaafu akiongea na mtu kwenye redio, anaambiwa barabara gani iko wazi. Nikasema, hiyo kitu lazima niwe nayo."

Hakuwa anatia chumvi. Mwezi Oktoba 2019 umeme ulipokatwa kwa makusudi sehemu kubwa ya kaskazini mwa California kwa hofu ya moto, katika kaunti ya Marin peke yake zaidi ya nusu ya minara ya simu ilinyamaza. Marin iko ng'ambo tu ya daraja la San Francisco, wala si porini. Betri za minara zilikwisha, jenereta hazikuwepo, na watu wenye simu za dola elfu moja wakabaki wanatazama saa. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2018, moto uliuteketeza mji wa Paradise na kuua watu 85. Ukiishi milimani kule, hesabu hizi huzisomi gazetini tu. Unazikumbuka kila upepo ukibadilika.

Sasa ripita inaingiaje? Kiredio cha mkononi kina nguvu ya wati tano hivi, pungufu ya balbu ndogo ya chooni. Mawimbi yake husafiri karibu kama macho yanavyoona: kilima kikikaa katikati, basi. Wewe uko bonde hili, mwenzako bonde lile, mnaweza kupiga kelele mpaka betri zife. Ila mkiweka chombo juu ya kilele kinachoyaona mabonde yote mawili, kikasikiliza masafa fulani na papo hapo kikayarusha yale yale kiliyosikia kwa masafa mengine, kwa nguvu kubwa zaidi, mnaongea kama mko baraza moja. Kwenye mawimbi ya mita mbili, masafa ya kusikilizia na ya kurushia yanaachana kwa kilohezi 600 tu. Ni kama mtu anayesikiliza mnong'ono huku yeye mwenyewe anapaza sauti, tena kwa kutumia mdomo na sikio ambavyo ni kiungo kimoja, maana antena ni hiyo hiyo. Kinachozuia asijizibe masikio ni mapipa membamba ya chuma yaliyosimama pembeni, yanaitwa dupleksa, yanayochuja sauti ya kutoka isiingie kwenye njia ya kuingilia. Mzee wa ng'ombe wa maziwa aliyarekebisha mwenyewe kwa bisibisi, robo zungusho, nusu robo, ameshika pumzi.

Na hapo ndipo kilele kinapokuwa kila kitu. Chombo chenyewe kinaweza kuwa kikuukuu, kimenunuliwa mnadani. Lakini kilele hakinunuliki mnadani.

Nilipanda nao mara mbili. Njia ni ya mawe, gari linakwenda kwa gia ya kwanza dakika arobaini. Juu kuna mlingoti mmoja mrefu wenye antena za kila aina zimeshikamana kama kupe, na kibanda cha zege. Ndani ya kibanda, kati ya makabati mapya ya makampuni yenye taa za kijani na kufuli zake, kulikuwa na rafu moja ya chuma ya rangi ya maji ya bahari, na pembeni yake, kwenye msumari, daftari lililofungwa kwa kamba ya katani.

Ningependa niseme nilivutiwa na mitambo, lakini mimi ni mtu wa maandishi. Nilikaa chini nikasoma daftari. Kila aliyepanda alikuwa ameandika tarehe, hali ya hewa na alichofanya. Maji ya betri yameongezwa. Panya wametafuna waya wa udongo. Theluji hadi kiunoni, nimeshindwa kufungua mlango, nimefungua dirisha. Mwandiko mmoja wa kulala kulia ulitawala kurasa nyingi, ukawa mkubwa zaidi na wa kutetemeka, kisha ukaja mwandiko mwingine ukasema tu kwamba yule mwenye feni za zamani amenyamaza, na feni imebadilishwa. Hawa watu mwenzao akifa wanasema ufunguo wake umenyamaza, yaani ule ufunguo wa kupigia alama za Morse. Hakukuwa na rambirambi nyingine. Mstari uliofuata ulikuwa wa betri.

Nimesoma riwaya nyingi zinazotumia kurasa mia tatu kusema kidogo zaidi ya hapo.

Barua ilikuja miezi miwili baada ya safari yangu ya kwanza. Mwenye mlima wa zamani, ukoo wa wafugaji ambao mzee wao alikubaliana na watu wa redio kwa kupeana mikono, alikuwa ameuza haki za kilele kwa kampuni inayosimamia minara. Kampuni ikapitia orodha ya waliomo kibandani. Ikakuta mpangaji mmoja asiye na mkataba, asiye na bima na asiyelipa chochote isipokuwa, mara moja kwa mwaka, kukata majani na kuziba mashimo ya barabara. Barua ilikuwa ya heshima. Ilitoa bei ya soko. Kodi ya mwezi mmoja ilizidi michango yote ambayo kikundi kile hukusanya kwa mwaka.

Kitu ambacho wasomaji wengi hawatakijua, nami sikukijua mpaka nilipoelezwa na daktari yule mstaafu, ni kwamba watu hawa hawawezi kupandisha bei ili walipe kodi. Sheria ya Marekani inayowapa leseni inataka huduma yao isiwe na maslahi ya kifedha, na inakataza kutuma ujumbe kwa malipo. Hawawezi kumtoza mtu kwa kumpitishia ujumbe. Hawawezi kurusha tangazo la sabuni. Ndani ya sheria hiyo hiyo, miongoni mwa sababu za kuwepo kwao, imetajwa kazi ya mawasiliano wakati wa dharura. Kwa hiyo unamwambia mtu: usipate hata senti kwa kazi hii. Kisha unamwambia: lipa kama wanaopata mamilioni. Hata mama ntilie akidaiwa kodi ya hoteli anaweza angalau kuongeza bei ya maharage.

Nao hawako peke yao. Mwaka huohuo wa 2019, idara ya jimbo inayoshughulika na misitu na moto iliwaandikia wenye ripita kwenye eneo lake barua iliyosema, kwa ufupi, kwamba teknolojia imebadilika na faida yao kwa jimbo si ile ya zamani. Kelele zikapigwa, idara ikafafanua kwamba haiwadharau. Desemba 2021, Shirika la Misitu la serikali kuu ya Marekani, lenye vilele vingi kuliko mtu yeyote ninayeweza kumtaja, lilipendekeza ada ya utawala ya dola 1,400 kwa mwaka kwa kila kibali cha mawasiliano kwenye ardhi yake. Kwa kampuni ya simu hiyo ni pesa ya kahawa. Kwa kikundi cha wastaafu kumi na tisa, ni kikao kirefu.

Jambo lililonikaa kooni ni kwamba yote haya yamewahi kutokea, si milimani bali hewani kwenyewe. Mwaka 1912 sheria ya redio ya Marekani iliwasukuma watu wa ridhaa kwenye mawimbi mafupi, chini ya mita 200, kwa sababu wataalamu waliamini huko hakuna kitu. Lilikuwa pori, jalala. Wakubwa, yaani jeshi la majini na makampuni, wakajigawia mawimbi marefu. Miaka miwili baadaye Hiram Percy Maxim, mhandisi wa Hartford, alikuwa anataka kumfikia mtu wa Springfield, hakumfikia, akamwomba mwenye redio wa Windsor Locks, katikati, ampokelee na kumpitishia. Ndipo akawaza chama cha kupokezana ujumbe, kama vijana wanavyopokezana vijiti uwanjani, mtu hadi mtu mpaka nchi nzima. Chama hicho cha 1914 kipo hadi leo, na neno la kupokezana bado limo kwenye jina lake. Desemba 1921 ishara zao za mawimbi mafupi, zile za jalalani, zilisikika Scotland, ng'ambo ya Atlantiki.

Kumbe jalala lilikuwa na dhahabu. Mawimbi mafupi yanaruka hadi angani na kurudi duniani mbali kabisa. Basi wakubwa wakarudi mbio, na watu wa ridhaa wakaachiwa vipande vipande. Na mimi ni mjukuu wa mkimbio huo, maana babu yangu alipokuwa akizungusha kitufe cha redio yake ya betri nne jioni, akitafuta Idhaa ya Kiswahili ya BBC au Sauti ya Ujerumani, alikuwa anatembea kwenye pori lililofyekwa na watu waliolipenda bila kulipwa. Babu hakujua. Hata mimi nisingejua.

Morogoro tunaifahamu hadithi ya pori. Anakuja mtu hana kitu, anafyeka, analala na nyoka, anachimba kisima. Baada ya miaka ishirini barabara inapita, na nyuma ya barabara anakuja mtu na hati. Hati ni halali, ina muhuri. Mfyekaji ana nini? Ana mwembe, na majirani wanaojua aliupanda lini. Kule Sierra Nevada hadithi ni ileile, isipokuwa mwembe ni rafu ya chuma na daftari. Watu wa ridhaa walipandisha antena kwenye kilele kile wakati hakuna mwingine aliyekitaka, njia haipitiki, umeme hakuna. Sasa kila kilele duniani kinachoona mbali kina thamani. Kila nikitazama taa nyekundu za minara ya Bondwa usiku, juu ya Uluguru, najiuliza nani alikuwa wa kwanza kubeba chuma kule juu, na kwa mgongo wa nani.

Sitaki kumfanya mwenye minara shetani. Nilizungumza na fundi wa kampuni ile, kijana mpole, akanionyesha mlingoti. Kila antena inaongeza mzigo wa upepo, na mlingoti ukianguka ni yeye atakayeulizwa. Mtambo wa zamani usiochujwa vizuri unaweza kuingilia masafa ya wengine. Watu wasio na bima wakipanda ngazi ya mita arobaini wakiwa na miaka sabini na mitatu, mwanasheria yeyote atakosa usingizi. Yote kweli. Tena, nisiwafanye wale wazee malaika. Nimesikiliza maongezi yao hewani nusu saa nzima: mawe ya figo, bei ya betri, mawe ya figo tena. Ungeniambia kwamba hii ndiyo miundombinu ya dharura, ningekuomba maji ya kunywa.

Lakini nilisikiliza pia kikao chao cha Jumanne, saa moja usiku. Mmoja anaita majina, yaani zile alama zao, na kila mmoja anajibu alipo na anavyosikika. Inachosha kama mahudhurio ya shule. Katikati ya orodha mtu mmoja hakujibu. Akaitwa tena. Kimya. Muuguzi wetu akabonyeza kitufe akasema anaishi dakika tano kutoka kwake, anapita kumwangalia. Aliporudi hewani alisema mzee yuko salama, amelala tu kwenye kiti, betri yake imekwisha. Wakacheka, wakaendelea na orodha. Hakuna kampuni ya simu itakayogundua Jumanne moja kwamba mteja wake mmoja hajaitikia.

Waliomba mazungumzo. Kampuni ikakubali kupunguza, kwa haki, ikashusha karibu nusu. Nusu ya kisichowezekana haiwezekani vilevile. Diwani mmoja wa kaunti aliahidi kuandika barua, akaandika. Daktari mstaafu alitaka waende mahakamani, kwa hoja kwamba wamekaa miaka mingi. Mzee wa ng'ombe wa maziwa akamuuliza ana karatasi gani. Daktari akasema ana daftari. Watu wakanyamaza kidogo, maana kila aliyekuwa mezani alijua daftari lile linathibitisha nini: kwamba kwa miongo yote walikuwa wageni waliokaribishwa.

Waliishusha ripita Jumamosi ya Aprili. Mimi nilibeba betri, kazi pekee niliyoaminiwa. Ripita ilikuwa imewekewa utaratibu wa kujitambulisha kwa alama za Morse, kwa sababu sheria inataka kila kituo kitaje alama yake angalau kila dakika kumi kinapozungumza, na mzee akakataa kuzima mpaka ijitaje mara ya mwisho yenyewe. Tulisimama tukiisubiri. Ilipomaliza, akageuza swichi, akaanza kufungua nati kama mtu anayebadilisha tairi. Dada yangu Mkenya aliandika kwenye daftari, kwa Kiingereza chao kile kifupi: jua kali, upepo wa kusini, mtambo umeondolewa. Halafu akaongeza kwa Kiswahili, "Asante kwa kutusikia." Mzee akauliza ni nini hicho. Akamwambia, akaitikia kwa kichwa, akalikunja daftari akalitia kwenye mkoba wake wa vifaa.

Sasa ripita iko kwenye kilima cha tangi la maji la mji, kwa kibali cha mwaka mmoja mmoja. Inaona bonde la mashariki vizuri. La magharibi, ambako muuguzi anaishi na ambako msitu ni mzito zaidi, haliioni. Amejaribu antena ndefu juu ya paa, amejaribu juu ya msonobari. Siku za Jumanne anaendesha gari kilomita tatu hadi kwenye kona ya barabara ambapo ukingo wa mlima umekatwa, anaegesha, anaitikia jina lake, anarudi nyumbani. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake nasikia malori: "Leo nimesikika, kaka, lakini na mikwaruzo. Nikisogeza gari nyuma mita mbili, sisikiki."